Birika Limechemka Tena

Jumamosi, mwisho wa mwezi wa nane. Jua kali, vumbi jekundu kila mahali, na mimi nimefura.

Shajara yangu ya mtandaoni, leo usitegemee maneno laini. Nimefunga mlango wa chumba na kuwaambia watu wa nyumbani kwamba kichwa kinaniuma. Kichwa hakiumi. Kinachemka. Nimeanza kuandika kwa sababu nisipoandika nitamkaripia mtu mwingine, na tangu jana nimeshakaripia wa kutosha.

Wale mnaonisoma mara kwa mara mnalijua gari langu. Kwa mgeni nitasema kifupi: ni gari kubwa la mtumba, refu, rangi ya fedha, lililozeekea Japani kabla ya kuja kuzeeka tena mikononi mwangu. Lilishuka melini Dar es Salaam, likakatiza Zambia nzima, likavuka mpaka pale Kasumbalesa, na Lubumbashi wakalihamishia usukani kutoka kulia kwenda kushoto, kama wanavyofanyiwa wenzake wengi. Nililinunua kabla ya Pasaka. Padri wa parokia yetu akalibariki uani, akalinyunyizia maji ya baraka, majirani wakaimba, na mimi nikalia kwa furaha mbele ya watu.

Siku hizi watoto wa mtaa wanaliita Birika. Wakiliona linapanda barabara, wanakimbia nyuma yake wakipiga mluzi kama maji yanayochemka. Hawajakosea hata kidogo.

Mimi, Bea, ni mpishi. Nawapikia mafundi wa karakana ya malori iliyo nje ya mji, kwenye barabara ya kwenda Fungurume. Kila siku ya kazi napakia bukari, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, samaki na maharagwe, sufuria zote nimezivika mablanketi ili chakula kifike cha moto. Kiti cha mbele hukaa sufuria ya maharagwe, imefungwa mkanda kama abiria. Adhuhuri sharti niwe nimefika. Kazi hii ndiyo iliyonitoa kwenye kuuza maandazi mbele ya malango ya watu. Ndiyo inayosomesha wanangu na kumtunza mama yangu. Na bila gari hakuna kazi.

Basi nataka kusema wazi: nalichukia gari hili.

Mara ya kwanza lilichemka wiki chache tu baada ya baraka. Sindano ya joto ilipanda, mvuke ukatoka, nikasimama kando ya njia huku malori ya madini yakinipita na kunimwagia vumbi. Fundi wangu, Tata Ilunga, akasema ni mpira wa maji umepasuka. Akabadilisha. Halafu ikawa pampu. Halafu feni. Halafu akang'oa kile kifaa kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, akasema nchi yetu ina joto lake la kutosha, kifaa hicho ni cha watu wa theluji. Nikamshukuru. Gari likatembea vizuri siku chache, nikaanza kuimba tena njiani, likachemka.

Pale garajini kuna benchi la mbao ambalo wenye magari hukaa kusubiri. Nimekaa pale hadi najua ulipo kila msumari wake. Siku moja tulikuwa watatu, sote na gari la aina ile ile. Mwalimu Kalonji lake linaruka gia likipanda kilima. Yule mama mwingine, muuza vitenge, lake likipiga kona usukani unabaki kule kule hadi auvute kwa mikono miwili. Tulisimuliana kama wagonjwa kwenye foleni ya hospitali, kila mtu akitaka ugonjwa wake uwe ndio mkubwa. Mwalimu Kalonji alisema tumenunua magari ambayo wenyewe walikuwa wamekwisha kuyazika. Tulicheka sana siku hiyo. Leo sioni kilichotuchekesha.

Kitu kimoja kilinitia shaka tangu zamani. Kila Tata Ilunga alipofungua rejeta alikuta utando mweupe ndani, mgumu, umeganda kwenye mdomo na kwenye vijia vya maji. Mwanzoni alisema ni maji ya kisima chetu. Nikaacha kisima, nikawa namnunulia Birika maji ya chupa, maji ambayo mimi mwenyewe sinywi ila nikiwa mgonjwa. Utando ukarudi. Akaniambia ninunue maji ya kijani, yale ya bidoni, kidumu cha plastiki, yanayouzwa kwa ajili ya rejeta. Nikaona huo ni ujanja wa kuniuzia vitu. Moyoni nikawa nimeshatoa hukumu. Sote hapa tumesikia habari za mafundi wanaong'oa kifaa kizima na kukuwekea kibovu cha mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na nguo niliyoifikiria ni lile ovaroli la Tata Ilunga.

Sasa jana.

Jana ilikuwa Ijumaa. Nilitoka mapema makusudi. Nilivuka lile eneo la wachimbaji wadogo, vijana wa kila mkoa wakiwa na magunia yao kando ya barabara, nikaanza kupanda kilima. Sindano ikapanda pamoja nami. Nikazima redio, nikafungua madirisha, nikawasha hita ili joto litoke, nikapikwa mimi ndani kama ndizi ya kuchemsha. Nikasema, twende, baba, twende tu, ni hapo mbele. Kwenye kona ya juu likapiga kelele moja na kunyamaza. Mvuke ukafunika kioo, nikawa sioni hata njia.

Nililipiga teke. Nikalipiga tena. Nina uvimbe kwenye kidole gumba cha mguu mpaka sasa.

Ilibidi nisimamishe vijana wa pikipiki. Huyu akabeba bukari, yule sombe, mwingine maharagwe yakiwa yamebanwa tumboni, na mimi nyuma ya wa mwisho nikiwa nimekumbatia samaki. Tulipofika, mafundi walikuwa wamekwisha kurudi kazini na njaa yao. Nusu ya maharagwe ilikuwa imebaki barabarani. Msimamizi wa kantini, bwana mmoja mpole ambaye hajawahi kuniinulia sauti, alinitoa pembeni.

“Mama Bea, pardon, mi najua unapikaka muzuri. Lakini bantu banatumika na njala, banalalamika kwa shefu. Lundi kama midi haujafika, nitaita ule mama mwingine mupishi. Haiko mapenzi yangu.”

Jumatatu saa sita mchana, basi. Hayakuwa mapenzi yake, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Angenitukana ningepata pa kumjibu.

Birika lilivutwa kwa kamba hadi garajini. Tata Ilunga akafungua kofia ya injini, akatazama, akatikisa kichwa. Utando mweupe ulikuwa umezidi, na sasa rejeta ilikuwa imetoboka chini, inalia machozi ya kutu. Hapo ndipo nilipolipuka. Nilimwambia mbele ya watu wote, mbele ya Mwalimu Kalonji kwenye benchi lake, kwamba yeye ni mwizi, kwamba amechukua rejeta yangu nzuri na kuniwekea takataka, kwamba anakula kwa jasho la mwanamke. Nilisema mengi. Sauti yangu ilisikika hadi kwenye kibanda cha mkate ng'ambo ya pili.

Alipangusa mikono polepole.

“Mama Bea, mi siko mwizi. Radiatere ni yako ile ile. Mi mwenyewe sijue ile kintu nyeupe inatoka wapi. Nitaiziba leo, ikufikishe ku nyumba, kesho tutaona.”

Akaiziba, akanipa gari, hakutaka hata asante. Na mimi sikumpa.

Nililala nikiwa na hasira, nikaamka nayo. Leo alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza maneno yake, nilisikia sauti uani: klak. Sauti ya kofia ya injini inayofunguka. Nikajua wezi wamekuja kumaliza alichobakiza fundi. Nikachukua mwiko mkubwa wa bukari, ule wa kukorogea sufuria ya watu wengi, nikatoka bila viatu.

Alikuwa mama yangu.

Nimeshawahi kuandika habari zake hapa. Ni mama mwembamba wa Kikasai, baba yake aliletwa huku kufanya kazi ya mgodi zamani. Anakaa nami tangu Donat afe. Donat alikuwa mdogo wangu, dereva, na barabara ya Likasi ilimchukua miaka michache iliyopita, yeye na lori lake. Tangu siku ile mama hajaingia ndani ya gari lolote. Misa anaenda kwa miguu. Hospitali anaenda kwa miguu. Hata siku ya baraka ya Birika alisimama mbali, mgongo ukutani, rozari mkononi.

Na leo huyo huyo alikuwa ameinama juu ya injini, kitenge kimefungwa vizuri, ameshika kifuniko cha rejeta mkono mmoja na chupa mkono mwingine, akimimina taratibu huku midomo inasali. Alikuwa anamimina kwa ustadi. Hakumwaga hata tone.

Niliuliza anafanya nini. Hakushtuka.

“Ni maji ya padri, mutoto yangu. Na chumvi ya kubarikiwa. Natiaka kila juma, siku ya Mungu, kama narudia ku misa. Lakini jana motokari ilikufa tena, njo nikasema nisingoje kesho.”

Nilishika ile chupa. Nikaonja. Mimi ni mpishi, naujua ulimi wangu. Ule haukuwa mnyunyizo wa baraka. Chumvi ya namna ile ungeweza kukaushia samaki.

Nikamuuliza ametia tangu lini. Tangu Pasaka. Nikamuuliza kwa nini ni nyingi hivi. Akanijibu kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika uji. Mwanzoni alitia kidogo tu. Gari lilipochemka mara ya kwanza alijua kuna mtu ana wivu na kazi yangu, akaongeza. Lilipochemka tena akaona adui ana nguvu, akaongeza tena. Kila nilipoharibikiwa njiani yeye alipiga magoti, akaongeza.

Mkiwa mnasoma hapa, someni tena hilo. Kila gari lilipokufa, mama yangu alilitia chumvi zaidi, na kwa kuwa alilitia chumvi zaidi, likafa tena.

Nilipiga kelele. Sitajificha. Nilimwambia mama yangu mzazi kwamba ameniua. Nilimwambia kuhusu pampu, na feni, na mpira, na mafundi wenye njaa, na maharagwe barabarani, na yule mama mwingine atakayechukua kazi yangu Jumatatu, na kwamba chumvi inakula chuma, mama, inakula, hata mtoto anajua, weka msumari kwenye maji ya chumvi uone! Nilikuwa nimeushika mwiko bado. Nilipouona mkononi mwangu niliutupa chini kwa aibu.

Yeye alingoja nimalize. Kisha akafunga rejeta, akakaza vizuri, akajifuta vidole kwenye kitenge.

Nikamuuliza nani amemfundisha kufungua kofia ya injini.

“Ni Donat,” akasema. “Alinionyesha fasi motokari inakunywaka maji. Alisema, mama, fungula asubui tu, kama ingali baridi.”

Halafu akanitazama usoni.

“Unasema motokari yako inakufaka. Ni kweli, inakufa. Lakini weye unarudiaka ku nyumba. Kila siku unarudia. Motokari ya Donat haikukufaka hata siku moja, Bea. Ilikuwa nguvu. Na hakuna mwenye alitia chumvi.”

Jibu la kumpa nimelitafuta tangu asubuhi, nimepika uji, nimefua nguo, nimelitafuta.

Nina hasira na Japani iliyotuuzia vilivyoichosha. Nina hasira na barabara ile na malori yake. Nina hasira na wivu wa watu ambao pengine haupo kabisa. Nina hasira na mama, na siwezi kuwa na hasira naye, na jambo hilo linanitia hasira upya. Mtu anayekuibia unampeleka kwa mkuu wa mtaa. Mtu anayekuharibia kwa magoti, unampeleka wapi?

Mchana nilienda kwa Tata Ilunga. Nilitembea kwa miguu, kidole kikiniuma, na nilistahili. Nikamwambia yote pale pale mbele ya benchi, kwa sauti ile ile niliyomtukania, ili waliosikia tusi wasikie na hili. Nilingoja anifukuze. Akakaa juu ya tairi, akacheka mpaka akashika mbavu.

“Mama yangu naye,” akasema, “alitiaka majani ya dawa chini ya kiti ya pikipiki yangu. Mpaka alikufa sikuitoa.”

Amekuja alasiri na rejeta nyingine, ya mtumba nayo, hapa kwetu hata dawa ya mtumba ni mtumba. Ameosha njia zote za maji kwa mpira hadi yakatoka meupe, halafu ya kahawia, halafu safi. Anasema injini imeumia lakini bado ina moyo, ila rejeta hii nayo ikila chumvi hatanitengenezea tena. Nikanunua bidoni ya maji ya kijani, yale yale niliyoyaita ujanja.

Mama alikuwa ameketi kizingitini akichambua sombe. Sikutaka kumnyang'anya chupa yake. Nilijua nikificha funguo atapata njia, na asipopata hatalala tena, atakuwa anasikiliza barabara usiku kucha kama miezi ile ya kwanza baada ya Donat. Nikamwekea bidoni miguuni.

Nikamwambia kesho tukienda misa tutaibeba. Padri aibariki hii. Yeye mwenyewe ndiye atakayeimimina Jumatatu alfajiri, gari likiwa baridi, kama Donat alivyomfundisha. Hii tu, na si tone la kitu kingine.

Aliifungua, akanusa, akakunja pua.

“Na chumvi?”

“Chumvi utatia mu sombe, mama. Ile ya kubarikiwa. Bale bote ba kantini bakule.”

Aliendelea kuchambua majani. Nilidhani yamekwisha, nikageuka kuingia ndani.

“Hii maji ya rangi ya majani majani,” akasema nyuma yangu, “itakurudisha ku nyumba?”

Ningeweza kusema ndiyo. Ni neno dogo. Lakini nimekuwa njiani na Birika tangu Pasaka, na ninazijua kona zile, na malori yale, na mama anaujua uso wangu tangu sijaota meno. Nikasema sijui.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia.

“Basi lundi tutaenda bote.”

Sikuamini nilichosikia, nikamwuliza ndani ya gari? Hakurudia. Alikuwa amekwisha kuinuka na beseni lake la sombe, anaelekea jikoni.

Sijui kama Jumatatu nitafika adhuhuri. Sijui kama rejeta ya mtumba itavumilia kilima kile, wala kama yule msimamizi mpole hajampigia simu tayari mama mwingine. Bado nina hasira, shajara, nisikudanganye. Nikiligusa gari lile mkono wangu unataka kulipiga.

Lakini nimetoka sasa hivi uani. Sufuria ya maharagwe nimeitafutia nafasi nyuma, na kiti cha mbele nimekiosha.